Senetwet ya Kando ya Mto

Mama hakuwa mtu wa kukumbatia. Nikifika kwetu Kimulot kutoka Chepseon nilikoolewa, alikuwa akinikagua viatu kama vina matope, kisha akitikisa kibuyu na kunimiminia mursik, maziwa yetu yaliyogandia kibuyuni yakapata rangi ya majivu. Ndivyo nilivyojua nimerudi nyumbani.

Rangi ile hutoka kwa senetwet, kichaka cha mwituni cha jamii ya kunde. Maua yake ya manjano husimama wima, vitumba vyeusi kileleni, na jani lake ukilifikicha linanuka njugu karanga. Tawi huchomwa, na kaa lake kusuguliwa ndani ya kibuyu. Senetwet ilijaa kando ya mto wetu, kwenye unyevu, wala hakuna aliyeipanda. Labda ndiyo sababu hakuna aliyeihurumia. Tulipotaka kupanda chai zaidi, tuliing'oa yote mpaka majini. Majuto ni mjukuu. Chai haifukizi kibuyu.

Mama alipofariki mwaka jana, hamu ya mursik ilinishika mpaka nikawa mkali kwa kila mtu. Ya dukani niliionja nikaimwaga. Wifi yangu, maskini, alinitengenezea kwa mkaa wa mkaratusi. Nilimshukuru kwa mdomo tu.

Mwishowe nikaiona senetwet upande wa Mulot, penye boma la zamani la ng'ombe, imechanua bila kumjali mtu. Nilimwomba mwenye shamba matawi, akanicheka.

"Kwani siku hizi senetwet mnatafuta na gari? Kata tu, mama. Ng'ombe haikulangi hiyo. Lakini wacha mizizi, itamea tena."

Nilinusa jani moja nikalia mbele yake, mtu mzima mimi. Akajifanya anaangalia ng'ombe wake.

Kibuyu cha mama nilikuwa nacho. Nilikifukiza kama alivyokifukiza yeye, nikatia maziwa, nikasubiri yakomae. Kisha nikayapeleka Kimulot, nikafungua nyumba yake, nikafagia kidogo na kuketi. Nikamimina kikombe.

Ladha ilikuwa yenyewe kabisa. Nilikunywa polepole hadi tone la mwisho, nikingoja kuhisi nimefika. Sikuhisi. Mursik ya kurudi nyumbani mtu humiminiwa na mwenyeji, na siku hiyo mwenyeji nilikuwa mimi.