Mikate ya Kaka na Kome wa Wifi

Wifi yangu anafanya kazi kwenye kituo cha pampu ya maji, kando ya mto, na kazi yenyewe ni kugombana na kome. Hawa si kome wa kwetu. Walikuja wameng'ang'ania maboti kutoka mito ya mbali, wadogo kama kucha ndani ya maganda yao magumu, na wakishapata pa kushika hawabanduki. Wanachokipenda hasa ni chujio la chuma lililo mdomoni mwa bomba la mji. Kila asubuhi wifi hushuka ngazi na kisu kipana, akawakwangua huku akiwasema.

Mwaka jana bega lake la kulia likagoma. Mkono ukawa haupandi juu ya kidevu. Daktari hakumung'unya maneno: akiendelea kukwangua hivyo, kazi ataiacha. Na wifi anaipenda ile kazi kuliko anavyowapenda baadhi ya ndugu zetu, wala simlaumu. Hata kilemba akawa anafungwa na mumewe, yaani kaka yangu, ambaye ni mwoka mikate na hufunga kila kitu kama anakanda unga.

Siku za mapumziko kaka alikuwa akivua samaki palepale kwenye pampu. Jumapili moja tulikuwa jikoni, wifi akishika samaki kwa mkono wa kushoto, mimi nikipasua. Tumbo lilikuwa limejaa maganda ya kome, yamesagwa. Nikapasua wa pili, vilevile. Wifi akamwita mumewe.

"Baba watoto, hawa wananisaidia kazi, na wewe unawaleta kwenye sufuria?"

"Mimi ningejuaje, mke wangu? Samaki havai sare."

Tulicheka, lakini tangu siku ile mshipi wa kuvulia ukatundikwa ukutani. Samaki wakaongezeka, kome wakapungua, bega likaanza kupata nafuu.

Kisha chujio likaziba tena. Kome walirudi kwa fujo, maji mjini yakawa yanadondoka tu, na meneja akaanza kuuliza kama hakuna mtu mwingine mwenye mabega mawili mazima. Wifi alirudi nyumbani analia, na yeye si mtu wa kulia. Niliumia sana. Asubuhi yake nikafuatana naye, mapema kuliko anavyofika siku zote, tukaangalie samaki wamekwenda wapi.

Hawakuwa wamekwenda popote. Walikuwa wamejazana kando ya ngazi, wanene, wanamtazama kaka yangu aliyesimama na gunia la mikate iliyolala, anawamegea.

"Kaka, unafanya nini hapo?" nikamuuliza.

"Nawashukuru," akasema. "Wanamsaidia mke wangu. Sasa nani anafanya kazi na njaa?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Huyu mtu hajawahi kuona tumbo tupu akanyamaza. Wifi hakucheka.

"Mume wangu, ukishawashibisha mkate laini, nani atahangaika kuvunja maganda?"

Kaka akanywea. "Basi niwafanyie nini?"

"Usiwafanyie kitu. Waache na njaa yao."

Akalifunga gunia, na najua ilimuuma. Samaki walimsubiri kwa muda, wakakata tamaa, wakarudi kwenye chujio. Sasa ukiinama karibu na maji unasikia maganda yakivunjika, kama mtu anatafuna karanga chumba cha pili. Meneja naye kaacha kuuliza habari za mabega.

Juzi nilifika kwao mapema. Wifi alikuwa mbele ya kioo, kilemba kimekaa vizuri, kakifunga mwenyewe. Kaka akatoka jikoni akijifuta unga mikononi, tayari kwa kazi yake ya kila asubuhi ya kumfungia, akakiona, akasimama. Alisema ni vizuri, bega limepona. Lakini uso ulikuwa umemshuka.

Wifi alimtazama kwenye kioo. Akapandisha mkono wa kulia, juu kabisa, akakivuta kilemba kikafunguka.

"Nimekikosea," akasema. "Njoo unifungie."