Uji wa Kina Mama wa Mambrui

Mtama ulikuwa ukimwagika kutoka kwenye nguo yangu, na yule Mhindi mwenye duka alikuwa amenikamata mkono huku akimwita askari. Hilo ndilo hunijia kila ninaponusa uji wa mtama wenye pilipili manga.

Mvua ilikuwa imekataa kwetu Ganze. Baba alipokufa, baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, alilifunga ghala la mahindi tuliyolima sote kabla ya ukame, akatufukuza mimi na mama. Tukatembea hadi Mambrui. Mama akaanguka kwa njaa kwenye baraza ya duka la yule Mhindi, nami nikaingia dukani.

Nyuma ya duka lile kina mama wa mtaa walikuwa wakipika uji wa sadaka kila asubuhi, na waliupakua wakiwa wamegeuza uso, mtu asiaibike. Mmoja wao alisikia kelele, akaja na upawa mkononi.

“Mwachie, bwana. Ukimfunga huyu, njaa itakwisha?” Kisha akanigeukia. “Na wewe, sufuria iko hapa hapa. Mbona hukuja?”

“Nilidhani ni ya Waislamu.”

Akacheka. “Uji hausali, mwanangu. Kamlete mamako.”

Mhindi akaniachia, akatutilia na mtama mwingine sufuriani.

Mama hakufa, wala mimi sikuiba tena. Kina mama wale nawaombea hadi leo. Lakini wewe, baba mdogo, ungali hai, na huko Ganze unaitwa mzee wa heshima. Ghala lilikuwa limejaa. Kwa nini ulitufungia? Nijibu.