Mkeka Nyumbani kwa Bi Kanta

Niliondoka Newala kumuuguza dada yangu Zuhura. Alikuwa na uvimbe kooni, na hospitali ya kwetu ilimwandikia barua ya kwenda kutibiwa Dar.

Tulifika tukiwa hoi, miguu imevimba. Zuhura akalazwa. Mimi nikapata pa kulala Kariakoo, kwa binamu yetu anayeuza madera, katikati ya marobota ya nguo.

Kila alfajiri nilikatiza Mnazi Mmoja kwa miguu hadi hospitali, mkononi chupa ya uji. Wiki ya pili nilisinzia kwenye benchi nje ya wodi, chupa ikaniponyoka. Mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, niliyezoea kumwona akimuuguza mumewe wodi ya jirani, akaiokota.

"Shikamoo," nikasema kwa aibu.

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Twende kwangu, ni hapo tu. Mume wangu kalala, dada yako kalala. Sisi ndio hatulali."

Upanga, ghorofa ya tatu. Bi Kanta amezaliwa mtaa huohuo. Watoto wake wawili wako ng'ambo. Kwangu Newala tunalala watu kumi. Kwake ilisikika saa ya ukutani tu. Alinipa chapati na dengu, akanionyesha kitanda cha binti yake. Nikalala mpaka saa tisa alasiri.

Tangu siku hiyo tukapokezana. Mmoja akipumzika, mwenzake anaangalia wagonjwa wote wawili.

Wiki ya nne, asubuhi, zamu ilikuwa yangu. Mume wake alivuta pumzi ndefu mara mbili, basi. Nilipanda zile ngazi za kwa Bi Kanta, nikabisha hodi. Akafungua mlango, akanitazama.

"Amekwenda?"

"Amekwenda, mama."

Watu wa jumuiya yao walikuja, wakamchoma marehemu siku hiyohiyo kwa taratibu zao. Jioni wakaaga. Watoto walikuwa bado njiani. Zuhura alikuwa anapasuliwa kesho yake, nami nilitamani nikajitupe tu Kariakoo.

"Nani analala hapa leo?" nikauliza.

"Hakuna. Nimezoea."

"Kwetu mfiwa haachwi peke yake."

Nikatandika mkeka sebuleni. Alikaa kitini kwa muda, kisha akashuka taratibu kwa sababu ya magoti, akaniegemea, akalia.

Asubuhi nilimkuta amevaa viatu. Nikamwambia mfiwa hatoki.

"Umesema haachwi peke yake," akajibu. "Wewe ukienda, nabaki na nani?"

Tukakaa pamoja nje ya chumba cha upasuaji mpaka mchana. Zuhura alitoka salama, ila sauti yake sasa inakwaruza.

Wiki mbili baadaye tulipanda basi la kusini. Nilikuwa naamini mwenye ghorofa hana haja ya mtu wa kukaa naye chini. Sivyo. Nami nilikuwa sijui nimechoka kiasi gani, mpaka mtu wa mbali aliponiuliza kama nimekula.

Watoto wa Bi Kanta walitaka kumhamisha, akakataa. Anasema korosho zikiiva atakuja Newala. Nikamwonya kwenye simu kwamba kwetu mgeni ni siku mbili, ya tatu anapewa jembe.

"Basi nitakaa siku tatu," akasema.