Muhuri Kwenye Mlango wa Barafu

Jean-Berchmans alikuwa na ugonjwa mmoja wa tangu ujanani: kupenda kuweka sahihi. Fundi wa friji, miaka arobaini ya kazi, ametengeneza friji za mabaa, za mapadri na za hospitali, na kila alipomaliza aliandika kwenye kikaratasi jina lake lote, kisha akalivutia mkia mrefu chini yake. Mkewe Consolée alimcheka mpaka machozi. "Friji ya bia tu, na sahihi kama ya gavana!" Mzee hakujali. Mtu akifanya kazi, alisema, ajulikane ni nani aliyeifanya.

Ndiyo maana Rémy aliporudi Uvira, mzee alifurahi kama kijana. Rémy ni mtoto wa mtaa wa Rugenge, alifanya biashara Lubumbashi miaka mingi, kisha akaleta kila alichopata na kujenga kiwanda cha barafu pale mtaa wa Kimanga, ukuta kwa ukuta na shule ya msingi. Alimchukua Jean-Berchmans awe fundi mkuu. Miezi minane wamama wa samaki waliuza mikeke, wale samaki wa ziwani, mibichi mpaka jioni, bila kuharakisha, bila kutupa hata mmoja.

Siku ya ufunguzi Honorable, mbunge wetu, alikuja. Jina lake tuliache, lisituharibie chakula. Alikata utepe, akacheza, akamkumbatia Rémy mbele ya kamera. "Huyu ni mtoto wangu!" Haya. Wiki mbili baadaye huyo mtoto aliambiwa ampe baba nusu ya kiwanda. Rémy akakataa.

Basi maofisa wakaanza kumiminika. Wa mazingira, wa usafi, wa ardhi, wa kazi, kila mmoja na folda kwapani, kila mmoja akitafuta karatasi inayokosekana. Ikipatikana, walikuta inakosekana nyingine. Na wakati huohuo Honorable yuko redioni, huko Kinshasa, anawabembeleza wawekezaji waje: "Uvira iko wazi! Uvira inawangoja!" Jean-Berchmans aliizima ile redio kwa nguvu mpaka kitufe kikang'oka na kubaki mkononi. Hawana haya, alisema. Hawana haya hata kidogo.

Jumanne moja walikuja na polisi. Rémy alikuwa ameshaonywa kwamba atakamatwa. Alivuka mpaka asubuhi ile na begi moja, yuko Bujumbura. Wakakata umeme, wakafunga mlango wa kiwanda, wakapitisha kamba, wakabandika karatasi ya serikali na kuimwagia nta nyekundu.

"Nani hapa ni responsable, msimamizi?" aliuliza Gédéon, ofisa wa polisi.

Wafanyakazi wengine waliangalia viatu vyao. Mzee wetu akanyoosha shati. "Ni minye."

Akapewa kalamu. Akaandika jina lote, na mkia wake. Ndipo Gédéon akamsomea alichosaini: kuanzia leo yeye ndiye mlinzi wa muhuri. Ukivunjwa, avunje yeyote yule, gerezani anaingia yeye.

Lakini si gereza lililomtisha. Ndani ya mashine ile mna gazi, gesi ya kugandisha, kali inayochoma macho na kukata pumzi. Mashine ikitembea, inatulia. Ukiiacha ipate joto bila kuitayarisha, inavimba na kutafuta pa kutokea. Kuna robine mbili, koki za kufunga na kufungua. Ya kwanza unaifunga, gazi isiende kwenye mabomba. Ya pili unaifungua kidogo kidogo, gazi ishukie kwenye tanki la maji na kufia humo, kazi ya siku nzima.

"Munipe siku moja tu," aliomba.

"Sheria haina siku moja," walimjibu, wakapanda gari.

Siku ya tatu harufu ikaanza, kama ya mkojo uliolala, lakini yenye miiba. Wamama wakasogeza meza zao. Mzee aliweka sikio ukutani na kusikia chuma kikilia ndani, tik, kimya, tik. Upande wa pili wa ukuta watoto walikuwa wanaimba hesabu. Aliogopa.

Akaenda kwenye ofisi za serikali. Wa mazingira wakamtuma kwa wa usafi, wa usafi wakamrudisha kwa wa mazingira. Mwisho akaenda kwa Honorable mwenyewe, aliyekuwa amerudi Uvira, akangoja uani tangu asubuhi mpaka jua likamhama.

"Mzee wangu," alisema Honorable akitabasamu, "hiyo gazi ni ujanja wa patron wako Rémy. Mwambie aje mwenyewe, tuzungumze kama ndugu."

"Honorable, iko masomo pale pembeni, ile shule. Iko batoto."

"Kwa hiyo weye ndiye unakuja kunifundisha kupenda watoto?"

Walinzi wakamwonyesha geti.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, Jean-Berchmans alikuja kiwandani na koleo lake na kitambaa kilicholoa maji. Akaita watu. "Muone bote! Ni minye nakata, hapana muntu mwingine!" Akakata kamba. Akaingia, machozi yanamchuruzika, akafunga robine ya kwanza, akafungua ya pili kwa kiasi cha ukucha. Maji yakaanza kutokota taratibu ndani ya tanki. Harufu ikapungua. Wamama wakapiga vigelegele, na mzee akaketi juu ya ndoo kusubiri, moyo umetua.

Haikupita saa moja, gari la polisi likafika.

"Mzee, umevunja muhuri," alisema Gédéon.

"Ndiyo, nimevunja. Niache mpaka jioni, kisha unifunge unavyotaka."

Wakamtoa kwa mabega. Gédéon alikuwa mtu wa taratibu. Aliangalia huku na huku, akaziona robine zilizoguswa, akaamuru kila kitu kirudishwe kama kilivyokuwa. Polisi mmoja akaifungua robine ya kwanza na kuikaza ya pili. Jean-Berchmans alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mlango ukafungwa, nta mpya ikamwagwa.

Kesho yake mchana Consolée alimletea bugali kwenye mahabusu ya polisi. Alijitahidi kuonyesha uso mzuri. Kesho, alisema, Honorable anakuja na wawekezaji wapya kutoka nje. Atauvunja muhuri mwenyewe mbele yao, na wanafunzi wote watapanga mstari pale mlangoni kuimba. "Naomie, mjukuu wetu, wamemuchagua. Ni yeye atabeba maua."

Mzee alisimama, sahani ikaanguka. "Toa ule mutoto Kimanga! Mupeleke kule Songo, mbali, leo hii!"

Consolée alimtazama machoni, akaelewa. "Naenda."

"Na benzake? Ambia directeur wa shule. Ambia bamama. Bote!"

"Nimetoka kwa directeur." Sauti yake ilishuka. "Redio imesema ni weye uliharibu mashine. Ameniuliza kama sioni haya kupita mbele yake."

Akafunga kitenge na kuondoka mbio, bila kuaga.

Jean-Berchmans alishika vyuma vya mlango. Gédéon alikuwa mezani pake, anaandika.

"Ofisa. Andika kwamba ile gazi itatoka kesho. Andika, nitasaini."

"Naandika tu kile wameniuliza, mzee."

"Weye uko na batoto kwa ile masomo?"

Kalamu ikasimama. Gédéon alitazama dirishani, upande wa Kimanga.

"Batoto babili," alisema.

Kisha akainuka, akaja mpaka karibu, akasema kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie: "Bangu kesho batabaki nyumbani." Na akaenda kufunga daftari lake.