Jumapili Ambayo Ngoma Haikulia

Mume wangu aliondoka Koboko siku ya Jumanne, juu ya lori la tumbaku, kwenda mkutano wa walimu wa kanisa mjini Arua. Aliniambia angerudi Ijumaa na sabuni, akiipata. Katikati ya miaka ile ya sabini sabuni ilikuwa imeadimika hata kanzu yake ya ibada niliifua kwa majani ya mpapai. Ijumaa lori lilirudi bila yeye.

Jumatatu nilikwenda Arua mwenyewe. Kwenye ofisi ya kanisa mzee mmoja alifunga mlango kwanza, ndipo akasema. Mkutano uliisha Alhamisi. Mume wangu alionekana karibu na soko akiongea na watu wawili wenye miwani myeusi, watu wa usalama wa serikali, kisha akaingia kwenye gari lao.

"Sijui zaidi ya hapo, mwanangu," alisema.

Kwenye kituo cha polisi, askari hakuandika kitu. "Mama, rudi nyumbani," aliniambia kwa sauti ya chini. "Na usiulize tena."

Kaka yangu alitoka kwetu Aroi, akaja kunichukua. Nilikataa. Mume wangu akirudi atanitafuta Koboko, nilimwambia. Kaka hakubishana. Alikula, akalala, asubuhi akaondoka.

Nilikuwa Mlugbara katikati ya Wakakwa, na Kikakwa changu kilitosha kununulia mboga tu. Watoto hatukuwa tumejaliwa. Kanisa letu la udongo na nyasi lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Mwanzoni waumini walikuja, wakanishika mkono. Kisha minong'ono ikaanza kwamba atakayeonekana na mke wa mtu aliyechukuliwa, jina lake nalo litaandikwa. Wakapungua. Jumapili moja nikapiga ngoma ya kuita watu ibadani, nikangoja, nikapiga tena, wala hakuja mtu. Nikasoma Maandiko kwa sauti, nikaimba wimbo mmoja, nikaitikia amina mwenyewe.

Ikawa hivyo kwa miezi. Sitasema nilikuwa na imani kubwa. Nilifagia kanisa na kupiga ngoma saa tatu kwa sababu ndiyo kazi aliyoiacha, na sikujua kingine cha kufanya na Jumapili. Nilimwambia Mungu, "Uliahidi hutatuacha. Mbona siku hizi husemi kitu?" Halafu nilikaa kimya nisikilize. Nilisikia kuku, na redio ya jirani.

Jirani huyo alikuwa mjane wa Kinubi, Mwislamu, niliyemwita haboba kama wajukuu wake walivyomwita bibi yao. Kutwa alikaa barazani akisuka kawa za rangi za kufunikia chakula. Tulisalimiana tu, basi.

Jumapili moja ya msimu wa mvua niliamka nikashindwa kuinuka kitandani. Sikuwa mgonjwa, wala sikulia. Nililala nikitazama nyasi za paa, saa tatu ikapita, nikajiambia nimefika mwisho, kesho nafunga mizigo. Ndipo mlango ukagongwa kwa nguvu.

"Mama Mwalimu! Wewe iko hai?"

Nilifungua. Haboba alikuwa pekupeku, unga mikononi.

"Nipo, haboba."

"Mbona ngoma hapana lia leo? Mimi nangoja, nangoja. Nasema, huyu binti iko mgonjwa, ama watu nakuja chukua yeye pia."

"Hakuna anayekuja, haboba. Nimpigie nani?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mimi nasikia. Kila Jumapili mimi nasikia, nasema, asante Mungu, huyu binti ameamka. Wewe hapana jua?"

Sikujua. Nilikaa chini pale mlangoni nikalia kwa mara ya kwanza tangu lori lile lirudi bila yeye. Haboba alikaa kando yangu hadi nikamaliza. Akaenda kwake, akaleta ugali wa muhogo na samaki mkavu, akasimama mpaka nikala.

"Sasa nenda piga," akasema. "Imechelewa, lakini piga."

Nilipiga saa sita mchana.

Jumapili iliyofuata wanawake wawili wazee wa kanisa walikuja, wakakaa benchi la nyuma bila kuniangalia. Baada ya sala mmoja alisema, "Tumeona aibu. Yule Mwislamu alituuliza sokoni, mbele ya watu, kwa nini tumekuacha." Wengine walirudi polepole. Hatukujaza kanisa tena.

Mume wangu hakurudi. Sikupewa kaburi wala habari, na hilo ninamwambia Mungu mpaka leo bila kulipamba.

Vita vilipokaribia mwaka wa sabini na tisa, haboba na wanawe walikimbilia Sudani, maana watu walikuwa wameanza kuwalaumu Wanubi wote kwa makosa ya wachache waliotumikia serikali ile. Alitaka niende nao. Nilimwambia ndugu zangu walikuwa wakivuka kwenda Kongo. Alinishika uso kwa mikono miwili, akapanda gari.

Nilirudi ndani nikakaa juu ya sanduku, nikiwa na hakika kwamba njia ya mpaka nitaitembea peke yangu. Wanawake wale wawili wakaingia bila kubisha hodi. Mmoja alikuwa tayari anakunja godoro langu.

"Simama, Mama Mwalimu," alisema. "Ulidhani tutakupita?"

Tulitoka watatu, na njiani wengine wa kanisa wakajiunga nasi.