Lori la Watasema Watachoka

Alishona maturubai ya malori, na mji mzima ulimwita Mama Turubai. Kibanda chake kilitazama barabara kuu: cherehani nzito mlangoni, marobota ukutani, sindano ya gunia imechomekwa kwenye kilemba. Madereva walimpenda kwa kuwa mshono wake haukuvuja na ulimi wake haukuwa na breki.

Ulimi huo ulinyamaza mwaka aliofiwa.

Mumewe, fundi wa kupiga lipu, alikuwa akirudi nyumbani jioni ya manyunyu, amempakia dada yake nyuma ya pikipiki. Lori lilikuwa limeegeshwa kando ya lami, nusu ya mwili ndani ya njia, taa zimezimwa, hata pembetatu ya tahadhari hakuna. Dereva alikuwa ametupa tawi moja bichi nyuma ya magurudumu, akapanda kulala. Mume hakuliona tawi wala lori. Alifia pale pale. Dada mtu alivunjika mguu, na akiwa matopeni alisoma maandishi ya njano juu ya bampa: WATASEMA WATACHOKA. Akapiga kelele. Mlango ukafunguka, mwanamume akachungulia, mlango ukafungwa. Kisha injini ikanguruma, lori likaenda zake.

Polisi walisema malori yenye maneno hayo ni utitiri. Mama mkwe akasema, "Mwachie Mungu, mwanangu."

"Nimemwachia, mama," mjane akajibu. "Ila akiniletea mlangoni, simrudishii."

Aliletewa. Masika mawili yalikuwa yamepita siku dereva mmoja mwenye kitambi na kicheko cha karibu alipoegesha mbele ya kibanda lori la saruji, turubai limechanika. Wifi, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo na kufanya kazi ya kutia pete za kamba, aliinua macho, nyundo ikamponyoka.

"Wifi," alinong'ona. "Ndilo."

Mjane akatoka nje, akazunguka nyuma. Chini ya herufi za njano bampa ilikuwa imebonyea.

"Kaka, hapa paliumwa na nini?"

"Aa, hapo! Pikipiki moja ilinigonga nimelala zangu. Watu wanaendesha wamefumba macho, dada yangu." Akacheka mpaka kitambi kikatikisika.

Damu ilimpanda mjane hadi kwenye mizizi ya nywele. Aliigusa sindano kilembani, akaitazama shingo ya yule bwana, akaiacha. Akafikiria kumshonea kwa uzi mbovu, turubai ling'oke njiani saruji ilowe. Lakini saruji ilikuwa ya tajiri. Aliyecheka alikuwa huyu.

"Nenda ukapumzike, kaka," akasema kwa sauti ya asali. "Ukirudi utalikuta tayari."

Alipotokomea, mawifi wawili wakavuta robota la utepe wa kung'aa, ule unaowaka ukimulikwa na taa. Mmoja alikata, mmoja alishona. Waliandika kwenye pazia la nyuma herufi ndefu kama mkono: DEREVA HUYU ALIUA MTU AKAKIMBIA. Kisha wakalikunja pazia juu na kulishikiza kwa mishono michache. Uzi mbovu ulipata kazi yake hapo.

Dereva alirudi, akasifu mshono, akaondoka anapiga mluzi.

Upepo wa mwendo ulifungua pazia kabla hajafika mteremko wa kwanza. Giza lilipoingia, kila gari lililomfuata lilisoma. Walipiga honi, naye akawapungia mkono akidhani ni salamu. Kwenye mizani ya malori alikuta watu wamejaa nyuma ya gari lake, madereva wenzake wakiwa mstari wa mbele. Askari akamuuliza bampa ilibonyezwa na nini. Mara hii hakucheka. Alijikanyaga ulimi hadi akafungwa pingu. Wifi aliitwa kutoa ushahidi, akaenda na mkongojo wake akaulaza mezani.

Dereva alipopewa dhamana alikuja kibandani kwa miguu, kitambi kimepwaya.

"Mama, umeniharibia maisha."

"Yako ungali unayo."

"Ningeegesha wapi?" akalia. "Yadi zote zilijaa. Moja imegeuzwa ukumbi wa sherehe, mlinzi akanifukuza kama mbwa. Mjini hatutakiwi. Macho yalikuwa yananifumba, nikasema bora nisimame kuliko kuua mtu."

Mjane alijua ni kweli. Kila jioni aliyaona malori yakipanga foleni kando ya lami kama ng'ombe waliokosa zizi, na aliwachukia wenye yadi pia.

"Yadi hukuipata, nimekubali," akasema. "Na pembetatu? Nayo inahitaji yadi? Na huyu wifi yangu, alipokuita ukachungulia ukafunga mlango, yadi ilikuzuia kushuka?"

Mwanamume akaegemea nguzo ya kibanda.

"Ondoka kivulini kwangu."

Alihukumiwa kwenda jela, na leseni akanyang'anywa. Siku hiyo mjane alikula sahani mbili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba, na wifi naye akaongeza. Mama mkwe hakugusa chakula. Alikaa akiitazama picha ya mwanawe ukutani.

"Naye ana mama," akasema.

"Anaye," mjane akajibu, akivuta bakuli la mchuzi. "Mimi ndiye sina mume."