Staringi Hafi

Juzi nilimkuta mwanangu akibishana na mwenzake kuhusu filamu waliyoitazama kwenye simu. "Staringi hafi!" alifoka, na mimi nikasikia harufu ya karafuu zilizoanikwa uani kwetu Matombo.

Dada yangu Zuhura ndiye aliyenifundisha kwamba staringi, yule shujaa wa picha, hafi. Mchana mmoja, nikiwa bado mtoto, alikuwa kitandani, homa imemkausha midomo, akanituma banda la video nikamtazamie picha mpya.

"Akipona yeye, na mimi napona," alisema, akacheka kidogo. Mimi sikucheka.

Kule bandani, staringi akapigwa risasi, akafa. Nilimwendea mkalimani, mzee aliyeshika maiki na kuwasemea watu wote wa kwenye picha kwa Kiswahili. Leo najua alikuwa akifasiri tu. Siku ile niliamini yeye ndiye anayeamua.

"Shikamoo, baba. Naomba useme hajafa. Dada yangu anaumwa."

"Marahaba. Kaa hapo."

Picha ikarudiwa. Risasi ikalia, staringi akaanguka, na mkalimani akasema, "Hajafa huyu, amezimia tu." Watu wakamzomea. Mimi nilikuwa nimeshatoka mbio, napanda kilima katikati ya migomba, nikiyarudia maneno yale nisije nikayasahau.

Uani karafuu zilikuwa zimemwagwa chini, na kwenye mikeka ya kuzianikia wameketi wanawake wanalia. Hakuna aliyeniuliza picha imeishaje.